Saa ya mamilioni imeingia maji. Tabora nani anaifungua?

Leo tupumzike kidogo na habari za madiwani, tuongee saa. Ndiyo, saa ya mkono. Msikimbie, maana ndani yake siasa imo, tena nyingine ya kimataifa.

Mnakumbuka Juni 2024 kule Kenya, vijana walipoingia barabarani kuupinga Muswada wa Fedha. Mtandaoni moto uliwaka kwa njia nyingine: watu walikuwa wanazianika saa, viatu na mikanda ya wanasiasa, wanauliza mshahara gani unanunua vitu hivi. Hapa Gongoni tulikuwa tunazifungua zile picha kwenye kafe, tunashangaa sifuri. Jamaa mmoja wa kompyuta ya jirani yangu akauliza swali ambalo kila mtu alilicheka: "Sasa hiyo ikiingia maji inapelekwa wapi?"

Mimi sikucheka sana. Swali lina jibu, na jibu lenyewe linaeleza mambo mengi kuhusu sisi tulioko huku bara.

Kwanza tuelewane saa gani inazungumzwa. Saa nyingi tunazovaa ni za betri. Ikizingua, unanunua nyingine, maisha yanaendelea. Saa za kifahari zinazotajwa na watu, hizi Rolex, Omega na ndugu zao, nyingi hazina betri kabisa. Ndani kuna springi iliyokunjwa, ukivaa na kutikisa mkono inajikaza yenyewe, na ile nguvu inapita kwenye gia hadi kwenye gurudumu dogo linalocheza huku na huku. Nyingi za kisasa hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara 8 kila sekunde, mchana na usiku, miaka na miaka. Vipande vyake ni zaidi ya mia moja na vingine huwezi kuviona vizuri bila lensi. Mafuta yanayowekwa humo ni tone dogo kuliko kichwa cha sindano.

Sasa weka maji humo.

Maji yana milango mitatu: kitufe cha pembeni cha kusetia saa, kioo cha juu, na mfuniko wa nyuma. Kila mlango una mpira. Mpira ukikaa miaka unakauka na kuwa mgumu kama ule wa birika la zamani, na hakuna atakayekwambia, kwa nje saa inang'aa vilevile. Kingine, watu wanasoma nyuma ya saa "mita 30" wanadhani wanaweza kuzama nayo mita 30. Siyo hivyo. Hiyo ni presha ya maabara, saa ikiwa mpya na imetulia. Kwa matumizi ya kawaida ni kunawa mikono na mvua, basi. Halafu kuna kitu ambacho sisi wa Tabora tunapaswa kukijua kwa sababu ya jua letu: saa ikipata joto mkononi mchana kutwa, kisha ukaichovya ghafla kwenye ndoo ya maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kama mpira umechoka, inavuta maji.

Dalili ya kwanza ni ukungu chini ya kioo. Mtu akiona ukungu anaanza tiba za mtaani. Wa kwanza anaifukia kwenye mchele. Wa pili anaianika juani. Wa tatu anaiweka karibu na jiko la mkaa, au anaomba mashine ya kukaushia nywele saluni. Jamani! Ukipasha moto saa iliyofungwa, maji hayatoki, yanageuka mvuke na kutembelea kila kona ambako yalikuwa hayajafika. Ukungu unaondoka kwenye kioo, mwenyewe unafurahi, kumbe unyevu umehamia kwenye skrubu. Mchele nao unafaa kwa pilau.

Kinachotakiwa ni kuivua, kuilaza, kutoikaza wala kuitikisa, na kuifungua siku hiyohiyo. Fundi anatoa mashine kwenye kasha, anatoa mishale na uso wa saa, anakausha, kisha anavunja kila kitu, anaosha, anatia mafuta upya, anaweka mipira mipya. Kama ni maji ya bahari au yenye chumvi, haraka inazidi mara mbili. Chuma chembamba hakihitaji wiki nyingi kushika kutu. Kinaanza na kile kijiti cha kitufe cha kusetia, kisha skrubu, kisha unga wa kutu unaingia kwenye gia na kuzisaga kama mchanga.

Kwa hiyo bei ya saa iliyoingia maji inategemea zaidi ilikaa na maji hayo siku ngapi kabla mtu anayejua hajaifungua. Jina lililoandikwa usoni linafuata baada ya hapo.

Tupige hesabu, na dola moja tuichukulie ni shilingi 2,500 ili tusichoke. Fundi wa kujitegemea wa Ulaya au Marekani, kuvunja, kuosha na kutia mafuta saa ya kawaida ya aina hiyo, mara nyingi huchukua kati ya dola 300 na 600. Hiyo ni laki saba na nusu hadi milioni moja na nusu. Ukipeleka kwa kampuni yenyewe, Rolex au Omega ya mishale mitatu isiyo na ugonjwa mkubwa, andaa kama dola 700 hadi 1,100, yaani milioni moja na laki saba na nusu mpaka milioni mbili na laki saba na nusu. Hapo kutu bado haijaguswa. Kutu ikiingia unaanza kuhesabiwa kipande kimoja kimoja: kijiti, gia, springi, mishale. Uso wa saa ukishavimba rangi au kupata madoa, huo peke yake unaweza kula mamia ya dola, na kwa saa nyingine unapita elfu. Bili ya dola 2,000 au 3,000 si ya kushangaza. Milioni saba na nusu za Kitanzania kwa ajili ya glasi moja ya maji.

Na kuna mtego mwingine ambao warithi wengi hawaujui. Saa ya zamani thamani yake sokoni iko kwenye vile vitu vyake vya awali, hasa uso na mishale. Kampuni ikikutengenezea mara nyingi inataka kubadilisha vilivyochakaa iweke vipya. Saa inarudi inapendeza, inakwenda na dakika, lakini wakusanyaji wanaitazama mara mbili na kushusha bei. Umelipa mamilioni ili upunguze thamani ya mali yako.

Sasa ongeza usafiri. Kutoka hapa Gongoni saa inakwenda Dar, kutoka Dar inakwenda Dubai au Ulaya. Kampuni nyingi za vifurushi zina ukomo mdogo wa fidia kwa saa na vito, hivyo ikipotea hasara ni yako. Ikirudi inapita forodhani, na kama ilipotoka hukuchukua karatasi za kuonyesha kwamba ilikuwa hapa nchini na imekwenda kutengenezwa, unaweza kujikuta unadaiwa kama mtu aliyeagiza saa mpya, ushuru na VAT ya asilimia 18 juu yake. Ndiyo maana watu wanapenda kumpa mtu mkononi. Na Tabora watu wa kupewa mkononi wapo, kwa sababu familia nyingi hapa zina ndugu Muscat. Wanaokumbuka wanajua Sultani Qaboos, kuanzia miaka ya 1970, alikuwa akitoa zawadi za Rolex zenye alama ya jambia usoni. Leo hizo zinagombaniwa kwenye minada ya Ulaya. Sisemi ziko ngapi mtaani kwetu na kama ningejua nisingesema hapa, wezi nao wanasoma blogu.

Ila kusubiri mtu wa kwenda Muscat kunaweza kuchukua miezi mitatu, na kutu haisubiri tiketi.

Mnaona sasa? Tunachokilipia zaidi ni umbali. Na huu umbali Tabora imeulipia tangu zamani, kabla hata mji haujaitwa mji. Ruhusuni nirudi nyuma kidogo, hii ni historia yetu wenyewe na shuleni waliipitia haraka mno.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Walipokelewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Mizigoni walikuwa na kronomita, yaani saa za usahihi mkubwa, na kwa wakati ule ndizo zilikuwa saa za kifahari kuliko zote. Tofauti ni kwamba hawakuzibeba kwa maringo. Walizihitaji ili wajue wako wapi.

Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, maana yake nyuzi 15 kwa saa moja, uzi mmoja kwa dakika 4. Ukiwa na saa inayotunza muda wa Greenwich, ukalinganisha na jua la ulipo, unajua umesogea mashariki kiasi gani. Lakini kwa eneo letu hili karibu na ikweta, saa ikikosea dakika moja tu, ramani inakupeleka pembeni karibu kilomita 28. Fikiria unatafuta Tabora halafu unaikosa kwa kilomita 28, unaishia porini kwenye miombo unaongea na nyuki.

Saa zao zote ziliharibika njiani. Hakukuwa na mpira wa kuzuia maji enzi hizo. Kasha la Rolex Oyster lililofungwa kwa skrubu lilikuja 1926, karibu miaka sabini baadaye. Kulikuwa na mvua, mito, jasho, vumbi, na mizigo inayotupwa chini kila jioni. Na fundi wa kuzifungua alikuwa London. Speke alifanya nini? Alichukua risasi, akaifunga kwenye uzi, akaining'iniza ibembee, ikawa ndiyo saa yake ya kuhesabia sekunde. Ukitaka kujaribu nyumbani, uzi wa karibu mita moja unatosha: kila ikienda upande mmoja ni sekunde moja. Fundi wa mtaani kabisa yule.

David Livingstone mambo yalimwendea vibaya zaidi. Januari 1867, akiwa katika nchi tunayoiita leo Zambia, mpagazi aliyebeba kronomita aliteleza akaanguka. Saa hazikufa. Zingekufa ingekuwa afadhali. Ziliendelea kutembea kwa mwendo uliobadilika, na yeye akaendelea kuzisoma. Vipimo vyake vya upande wa mashariki na magharibi vikaenda pembeni. Baadaye, 1872, alikaa miezi hapa kwetu Kwihara, pale kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho, akisubiri wapagazi na vifaa ambavyo Stanley angemtumia kutoka pwani. Agosti akaondoka kurudi kusini. Mapema 1873 alipotea kwenye mabwawa ya Bangweulu, mvua juu, maji chini, na waandishi wa maisha yake wanakuhusisha kupotea kule na vile vipimo vibovu alivyovichukua mara ya kwanza. Tarehe 1 Mei 1873 akafa. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili, na Oktoba wakafika Kwihara wakamkuta Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron. Huyu alifungua masanduku ya marehemu akachukua baadhi ya vifaa vya kupimia kwa ajili ya safari yake. Wengi wanamlaumu Cameron hadi leo. Mimi nasema ni tabia mbaya, lakini kwenye njia ambayo haina duka la spea, kifaa cha marehemu ndiyo spea.

Sasa turudi kwenye mwaka wetu. Mtu atasema, bwana, hiyo ilikuwa zamani, siku 134. Leo basi la asubuhi kutoka Tabora linafika Dar siku hiyohiyo. Kweli kilomita zimefupishwa. Reli ilifika hapa 1912 na ndege zinatua. Lakini umbali mwingine umejengwa mahali pake, na huu hauna barabara.

Kampuni kubwa za saa za Uswisi ziliamua kubana spea. Kundi la Swatch, ambalo Omega na Longines ni zake, lilikata kuwauzia wauzaji wa jumla wa spea Uingereza kuanzia mwisho wa 2015. Mafundi huru wa Ulaya walikuwa wameshalalamika kwa Tume ya Ulaya kwamba kampuni zinawanyima spea ili kazi zote ziende kwao. Tume ikayakataa malalamiko yao Julai 2014, wakakata rufaa, na Oktoba 2017 mahakama ya Umoja wa Ulaya ikasema Tume ilikuwa sahihi. Hoja ya kampuni ni kwamba wanalinda ubora na wanapambana na saa feki. Na mimi sitaki kuwa mnafiki: feki zimejaa, zipo hadi kwenye meza za stendi, na spea halisi ikichanganywa na feki mnunuzi anaumia. Hilo nalikubali.

Lakini tazameni matokeo. Kama fundi wa Ulaya, mwenye cheti na duka lenye taa nyeupe, ananyimwa gia, huyu wa kwetu mwenye meza na kisanduku cha kioo atapewa na nani? Hata ile sheria mpya ya haki ya kutengeneza iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya Juni 2024 imetaja mashine za kufulia, friji, simu na vingine. Saa za mkono hazimo kwenye orodha. Vioo na mipira ya kawaida unaweza kupata kwa watengenezaji wengine. Kijiti, gia na springi za saa hizo kubwa ndizo zilizofungiwa.

Nilimfuata fundi mmoja mzee hapa mjini, simtaji jina kwa sababu hakupenda. Kazi yake leo ni betri na mikanda, na kukata mikanda ya chuma iliyo mirefu. Zamani alikuwa anafungua Seiko 5, Orient na Citizen za watumishi na watu wa reli, anaosha kwa petroli, anatia mafuta kwa sindano aliyoichonga mwenyewe. Ukimletea saa ya mamilioni leo anairudisha bila kuigusa. Wapo wanaosema ni kwa sababu hajui. Siafiki. Alinieleza njia ya nguvu kutoka kwenye springi hadi kwenye mshale bila kuangalia popote. Anachoogopa ni kwamba skrubu moja ikivunjika kichwa kwa kutu, hana pa kuipata nyingine, na mwenye saa atamtaka alipe saa nzima. Ukiwa wewe ungegusa?

Nadhani hapa ndipo sisi vijana tunalitazama jambo kwa upande usiofaa. Tunakodoa macho kwenye Rolex ya mheshimiwa, wakati saa zilizoko makabatini kwa wazee wetu ni zile Seiko na Orient, na hizo mlango wake uko wazi. Mashine nzima ya Seiko inayoitwa NH35 inauzwa mtandaoni kama dola 40 hadi 50. Ni mpya kabisa, imefungwa kwenye kiboksi. Saa inayoikubali mashine hiyo ikiingia maji hadi ioze ndani, unabadilisha injini yote kwa laki moja na ishirini na tano na kitu kidogo cha fundi. Kifaa cha kupimia mwendo wa saa, cha Kichina, kinaanzia kama dola 150. Cha kupima kama kasha linavuja kipo cha chini ya hapo. Jumla inafika kama laki sita na nusu, ambayo ni pesa, sikatai, lakini watu wanaingia kwenye bodaboda kwa zaidi ya hiyo. Yule mzee ana ujuzi na hana vifaa. Sisi tuna intaneti na hatuna ujuzi. Akifariki, kiti chake pale mezani atakalia muuza kava za simu.

Nikirudi kwa yule jamaa wa kafe na swali lake: saa ya mheshimiwa inapelekwa Dubai kwa ndege, na inalipiwa na anayelipa. Ya kwako ya urithi itasubiri msafiri. Kama unayo, peleka kwa fundi abadilishe mipira kabla ya masika, hakikisha kitufe cha pembeni kimesukumwa au kukazwa kabla hujanawa, na ivue unapokwenda kuoga hata kama nyuma imeandikwa mita mia. Maji ya moto na sabuni vinaidhoofisha ile mipira.

Wadau wa Urambo, Nzega, Kigoma na huko Muscat, ninaomba jambo moja. Kama umewahi kutuma saa iliyoingia maji kutoka mikoa ya huku, andika hapo chini ililipiwa shilingi ngapi, ilikaa muda gani, na ilirudi na uso wake au imebadilishwa. Nataka nikusanye bili halisi nimpelekee yule mzee, anadai namdanganya hizo bei. Aina ya saa taja, mtaa unaokaa usitaje.

Nawasilisha.